Kidole cha Sita na Sauti ya Koko

Sehemu ya tisa

Wewe uliyechelewa kuingia katika habari hii, keti nikufikishe haraka.

Chancelle Cibalonza, mwalimu wa kuchora kutoka Kadutu, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, amekwisha kupoteza mambo matatu kwa sababu ya mchezo wa video. Alipoteza kazi, mkurugenzi wa shule akisema anachora mapepo mbele ya watoto. Alipoteza mchumba, Pascal, maana mama mkwe mtarajiwa alitangaza kwamba mwanamke mzima hachezi. Akapoteza kompyuta yake ya kwanza siku mvua ilipopita kwenye bati na kumwagika juu ya meza.

Mchezo huo unaitwa Kidole cha Sita. Kila mtu wa Bukavu anajua kwamba mji wetu umeingia ziwani kwa vidole vitano vya ardhi. Katika hadithi aliyosimuliwa na bibi yake, Koko Godelive, kulikuwa na kidole cha sita, kikazama na watu wake, na huko chini anatawala Mula-Sauti, kiumbe anayekula sauti za binadamu. Chancelle alikichora kidole hicho. Mshirika wake, Steve, akaandika programu.

Mara ya mwisho tulimwacha kwenye ngazi za ofisi ya Madame Mélanie, kule Muhumba, akicheka peke yake kama mtu aliyelishwa asali. Studio moja ya Ulaya ilikuwa imekubali kuumalizia mchezo wake na kuutoa dunia nzima. Aliitwa kwa mazungumzo ya mwisho.

Kicheko hicho hakikumaliza nusu saa.

*

Kwenye skrini ya ukutani alitokea Monsieur Christophe, mkuu wa studio, mwanamume wa ndevu fupi na sauti ya upole. Kando ya meza alikaa Madame Mélanie, mtoto wa hapa hapa, mwanamke wa suti na miwani ya fremu nyekundu, ambaye kazi yake ni kuwakutanisha wasanii wa Kivu na kampuni za nje. Steve alishika kompyuta magotini.

"Tuonyesheni tena mwanzo," alisema Monsieur Christophe kwa Kifaransa.

Steve akabonyeza. Ziwa likatokea, jeupe kama maziwa.

Mchezo mzima ni mweusi na mweupe, kama sinema za kale. Kuna kituo cha treni mahali ambapo treni haijawahi kufika. Kuna hoteli yenye ngazi ndefu, na wanaume wa kofia na makoti ambao vivuli vyao vinawatangulia ukutani. Katikati ya hayo yote kuna migomba, ng'ombe wa mfalme wetu mwami, na akina mama waliobeba vikapu kwa kamba ya kipajini. Watu wanafungua midomo na sauti haitoki. Maneno yao yanaandikwa kwenye kibao cheusi. Sauti zao Mula-Sauti amezifungia ndani ya vibuyu, na msichana mmoja anaingia kuzitafuta. Kila kibuyu kikipasuka, kitu kimoja kinarudi na rangi yake: kanga ya mama, jani la mgomba, jicho la ng'ombe.

Sauti ya pekee inayosikika mwanzoni ni ya Koko Godelive, akisimulia.

"Ni kazi nzuri mno," alisema Monsieur Christophe. "Sasa tuzungumze kuhusu mabadiliko madogo."

Mabadiliko madogo yalikuwa ya kurasa kumi na moja.

Hoteli itoke. Treni itoke. Kofia na makoti vitoke. Mahali pake pawekwe mgodi, kijiji kinachoungua, na watoto wenye bunduki. Mula-Sauti awe kamanda wa waasi. Nyeusi na nyeupe iondoke, iingie nyekundu.

"Kwa nini?" Chancelle aliuliza.

"Mtu akichukua mchezo uliotoka Congo, anataka kuiona Congo ya kweli."

Chancelle alimtazama Steve. Steve alitazama kompyuta.

"Monsieur," alisema Chancelle, "mimi nimezaliwa hapa. Vita navijua, vilitukuta nyumbani, hatukuvisoma gazetini. Lakini babu yangu Marcellin alikuwa anazungusha mashine ya sinema ya mapadri, akipanda nayo milima, akionyesha picha juu ya shuka. Wazee wetu walikaa kwenye majani wakatazama treni kabla hawajaona hata baiskeli. Hiyo nayo ni Congo. Ninyi mkichora mazimwi ya kwenu, kuna mtu anawaambia muweke vita vyenu ndani, la sivyo si ya kweli?"

"Swali zuri," alisema Monsieur Christophe, akitabasamu. "Lakini soko..."

"Basi soko lingoje. Hoteli haitoki."

"Chancelle," Madame Mélanie alinong'ona kwa Kiswahili, "pole pole, maman. Huyu mutu hatarudi mara mbili."

"Hoteli haitoki, Madame. Na treni inabakia. Kama banataka bunduki, bachore ya kwabo."

Monsieur Christophe hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Michoro ni yako, unaweza kuiondoa," alisema. "Lakini hadithi na sauti ni za Madame Godelive, na yeye ametupatia. Ameweka kidole chake. Tukitaka, tunaweza kuutengeneza mchezo bila wewe."

Madame Mélanie alisukuma mkataba juu ya meza. Chini ya ukurasa wa tano kulikuwa na alama ya dole gumba, wino wa zambarau, safi kabisa.

Chancelle alipoiona, aliinuka akaelekea mlangoni. Mtu wa pekee katika chumba kile aliyejua jinsi kidole hicho kilivyofika pale alikuwa yeye.

*

Steve alimfuata nje akikimbia.

"Unasema nini pale ndani? Miaka mbili, Chancelle! Miaka mbili ninalala juu ya ile machine!"

"Steve, sikiliza."

"Banatupatia mulango, weye unabishana juu ya kofia!"

"Steve! Ile kidole ya Koko niliiba."

Steve akaibana kompyuta kifuani.

Mficha uchi hazai. Chancelle akayatoa yote, palepale, wapita njia wakiwapita. Koko alikuwa amemkataza tangu mwanzo. Alisema: hii hadithi ni ya mutu na mutu, haiendi mahali sioni uso ya ule anaisikia. Chancelle akaitikia ndiyo Koko, kisha akaficha simu chini ya kitenge siku wakichambua maharage, akairekodi sauti ya bibi yake mwanzo hadi mwisho. Studio ilipotaka idhini, akapeleka mkataba Mumosho, kijiji cha Koko, pamoja na kidau cha wino. Akamwambia bibi kizee wa miaka themanini na minne kwamba ni karatasi ya hospitali, ya kumtibu macho.

Na Koko akanyoosha mkono.

Steve alijipangusa uso kwa kiganja. "Nani anajua?"

"Weye na miye."

"Basi ibakie hapa. Usiende Mumosho. Koko iko mukubwa, macho yake imechoka, hatajua kitu. Tubadilishe mambo mbili tatu, game itoke, kiisha tutamununulia hata nyumba."

"Steve, batachukua sauti ya Koko baiweke juu ya batoto ya bunduki. Sauti yake yeye! Unamujua. Umekula kwake."

"Ukienda kusema, ile contrat inakufa. Contrat ikikufa, game inakufa. Na miye ninakufa nayo."

"Basi ikufe."

Hakuwahi kumwona Steve na macho kama yale. Chancelle alipanda moto, pikipiki ya abiria, bila kumuaga, shingo ameisimamisha. Asubuhi ile alikuwa amekataa kuinama mbele ya Ulaya. Sasa ilibaki kuinama mahali panapostahili.

*

Jumapili, baada ya misa, aliwakuta Mumosho wote wawili. Koko Godelive alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni, miguu juani. Pembeni yake alikaa Tonton Télesphore, mtoto wake wa kwanza, mkatekista wa miaka mingi, mkubwa wa familia tangu mzee Marcellin afariki. Mtu ambaye watu wakigombana kuhusu mpaka wa shamba, wanamwita yeye.

Chancelle alikuwa ameomba Mungu amkute Koko peke yake.

"Karibu, mutoto," alisema Koko. "Uso yako inasema umekuja na neno."

"Niko nayo, Koko. Lakini ni ya weye na miye."

"Tonton yako ataondoka?"

Chancelle alimtazama Tonton. Akajiambia: nikiiba kwa siri nikakiri kwa siri, nitakuwa nimeiba mara mbili.

"Hapana. Abakie. Na yeye asikie."

Akapiga magoti juu ya mkeka. Akasema. Simu chini ya kitenge. Karatasi. Wino. Hospitali ambayo haikuwepo. Studio na bunduki zake. Alisema kwa haraka kama mtu anayetoa mwiba, na alipomaliza kuku waliendelea kuparua kana kwamba dunia haijapasuka.

Tonton Télesphore aliruka juu.

"Weye! Mwalimu ya batoto! Unamufanyia mama yangu vile? Mama mwenye alikubeba mugongoni maman yako alipokufa? Nenda sasa hii, uchukue ile karatasi uichome! Ukurasa yote! Nisisikie tena mutu anaitaja, nisisikie tena jina ya hii familia mu mambo ya shetani!"

"Télesphore," alisema Koko.

"Maman, acha nimuambie!"

"Télesphore. Kaa."

Akakaa.

Koko akamgeukia Chancelle, akauliza taratibu:

"Ulisema ni karatasi ya hospitali."

"Njo vile, Koko," Chancelle alikiri.

"Mustari ya kwanza, juu kabisa, iliandikwa *Contrat de cession*, mukataba ya kuachia bengine kitu yako. Hospitali gani inaandikaka vile?"

Chancelle aliinua kichwa. Alidhani amesikia vibaya. Miaka yote wajukuu wamekuwa wakipokezana kumsomea Koko Biblia kila jioni.

"Koko... unajua kusoma?"

"Hakuna mutu aliniuliza."

Tonton Télesphore alikuwa anatazama viatu vyake.

"Munanisomea Biblia sababu macho yangu inachoka bila miwani," Koko alisema. "Ninafurahi munakaa karibu yangu. Njo nikanyamaza. Masœur, batawa ba kanisa, balinifundisha miaka tano. Kifaransa ya masœur, si hii yenu ya kukimbia. Kiisha babu yako akaniona."

"Babu wa sinema."

"Sinema, sinema! Alizungusha machine tu, Marcellin. Zile filme zilikuwa bubu, mutoto yangu. Mutu anafungua mudomo, hakuna kitu. Kiisha inakuja maandishi ya Kifaransa, na pale chini bantu mia tatu na hakuna mwenye anasoma. Siku ya kwanza nilikimbia. Nilisema Mula-Sauti amepita kwa hawa bazungu, amekula sauti yabo yote. Babu yako alicheka mpaka akaanguka. Siku ya pili, padri akaniambia, Godelive, simama karibu na shuka, ubaambie bantu inaandikwa nini."

Alinyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza Chancelle aliona msichana aliyekuwa amekaa ndani ya mwili ule muda wote.

"Miaka sita. Mwanaume wa kofia, ni miye nilimupa sauti. Ule bibi alilia kwenye treni, ni miye nililia. Kwa Mashi, luga yetu, na kwa Kiswahili sababu ya bageni. Bantu balikuwa banatoka Nyangezi kwa miguu kunisikia. Si kuona filme. Kunisikia miye."

Chancelle alikaa na mdomo wazi. Mchezo wake wote, kituo, vivuli, vibuyu, vibao vyeusi vya maneno, alikuwa ameujenga juu ya nusu ya hadithi. Nusu nyingine ilikuwa imekaa mlangoni inaota jua.

"Koko, kama ulisoma, sababu gani uliweka kidole?"

Bibi kizee alimtazama, na safari hii hapakuwa na upole usoni.

"Uliniletea wino. Hukuniletea kalamu."

Chancelle akainamisha uso.

"Nikaona, huyu mutoto ameamua kwamba miye ni mujinga. Nikasema acha niweke kidole, nione atanificha mpaka wapi. Miezi munane, Chancelle. Kila siku ya Mungu, misa ikiisha, unakuja na sukari na sabuni. Ninasema, leo njo atasema. Unanibusu, unapanda moto, unaenda. Miezi munane ninakungojea kama mutu anangojea mugonjwa apone."

Hapo Chancelle alilia. Alilia uso ukiwa kwenye mkeka, na Koko alimwacha. Hakumshika kichwa, hakumwambia nyamaza. Alimwacha alie hadi mwisho wake, kama mtu anayengoja maji machafu yapite.

Kisha akasema:

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Koko."

"Bon. Nani huyo anataka kuweka bunduki mu hadithi yangu?"

*

Jumatatu saa tatu asubuhi Koko Godelive alipanda ngazi za Muhumba amefunga kitenge chake cha Pasaka na kitambaa cha kichwa kilichosimama kama taji. Tonton Télesphore alikuja pia. Alisema hawezi kumwacha mama yake aingie katika nyumba za watu bila mwanaume. Njia nzima hakusema neno jingine.

Steve alikuwa amefika mapema. Alimsalimia Koko kwa kuinama, akabaki amesimama karibu na mlango.

Monsieur Christophe alitokea kwenye skrini, uso umejaa tabasamu. "Madame Godelive! Ni heshima kubwa kwetu. Madame Mélanie, tafadhali mtafsirie..."

Koko alinyoosha mkono kuelekea kwa Madame Mélanie. "Maman, niazime hiyo miwani yako."

Akaivaa. Akachukua mkataba. Akaanza kusoma kwa sauti, Kifaransa cha masœur, kila herufi imepigwa pasi.

Alisoma kipengele cha kwanza. Alisoma cha pili. Monsieur Christophe aliacha kutabasamu kwenye cha pili. Kwenye cha tatu, Madame Mélanie alikuwa ameshika shavu.

Kwenye cha nne Koko aliacha kusoma.

"Hapa panasema," alisema kwa Kifaransa, "kwamba Madame Godelive, asiyejua kusoma wala kuandika, amesomewa maneno haya yote katika lugha yake na kuyaelewa. Monsieur, nani alinisomea?"

"Madame, sisi tuliambiwa..."

"Katika lugha gani?"

"Sijui, Madame."

"Mwanamke huyu mliyefanya naye mkataba simjui. Si mimi."

Chancelle alisimama.

"Mimi ndiye niliyesema uongo," alisema. "Nilimwambia bibi yangu ni karatasi ya hospitali. Sauti nilirekodi kwa siri. Mkitaka kunishtaki, jina langu mnalo. Lakini karatasi hiyo haina mwenyewe."

"Unaelewa unachopoteza?" Monsieur Christophe aliuliza. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama daktari.

"Naelewa. Hoteli haitoki."

Koko aliomba kalamu. Pembeni ya dole lake la zambarau aliandika neno moja, *Sikubali*, na chini yake jina lake lote, Godelive M'Cirhuza, kwa mwandiko ulioegemea upande mmoja, mzuri kuliko wa mtu yeyote pale ndani. Kisha akaitazama skrini.

"Ninyi mnataka Mula-Sauti awe na bunduki. Hana. Anabisha hodi, Monsieur. Anasalimia watoto. Anakuomba sauti yako kwa adabu, na wewe mwenyewe unampa. Mkimpa bunduki, watoto watatazama mikono ya mtu tu. Yule wa adabu atapita."

Monsieur Christophe akasema: "Sauti ya Madame tunaifuta leo. Hadithi inarudi kwenu. Lakini na sisi tunaondoka, Chancelle. Bila sisi mchezo huu utauonyesha wapi?"

"Mumosho," Chancelle akajibu. "Halafu tutaona."

Koko alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na Chancelle alihisi kifua chake kinafunguka, kama mtu aliyetua mzigo akagundua bado ana mabega. Amefutwa kazi, ameachwa na mchumba, sasa hana studio. Lakini Koko wake alikuwa anacheka.

Madame Mélanie hakucheka. Alikuwa amegeuza ukurasa wa tano, na sasa anasoma wa sita, kipaji kimekunjamana.

"Ngojeni," alisema. "Mutu mwenye hajue kusoma, sheria inataka shahidi wa familia. Asingekuwepo, Ulaya hawangekubali hii contrat hata siku moja."

"Ile nafasi niliacha tupu," alisema Chancelle. "Sikupata mutu."

"Haiko tupu."

Koko alichukua karatasi ile. Hakuhitaji kusoma jina. Alitazama mwandiko tu, akaiweka kalamu mezani.

"Télesphore."

Tonton alikuwa amevua kofia yake na kuibana magotini.

"Hii T yako nilikufundisha miye," Koko alisema. "Na kijiti, mu mavumbi, karibu na jiko. Ulikuwa na miaka tano. Dunia mzima inaweza kusema sijue kusoma. Weye ulisema namna gani?"

Chancelle alimtazama mtu aliyemlaani jana mbele ya kuku. Sasa alielewa kwa nini alitaka kurasa zote zichomwe.

"Maman..."

"Sema."

"Maman, sikuitafuta hii karatasi. Ililetwa kwangu, Mumosho, siku ya soko. Mutu alikuja analia. Akasema bila shahidi kazi yote inakufa, akasema Chancelle mwenyewe njo amemutuma. Nikasema ni kwa faida ya mutoto yetu, nikaandika."

"Miye sikutuma mutu!" Chancelle alipiga kelele.

"Sasa ninajua. Lakini huyo mutu, Maman, iko humu ndani."

Monsieur Christophe alisogea karibu na kamera. Madame Mélanie aliinua mikono yake miwili hewani, kama mtu anayetaka ionekane mitupu.

Koko Godelive alivua miwani, akaikunja, akamrudishia mwenyewe na kumshukuru. Kisha akaketi vizuri kwenye kiti, kitenge kikamfunika magoti.

"Steve, mutoto yangu," alisema, "funga mulango. Leo hakuna mutu anatoka hapa kabla ya kusema."

Steve alikuwa amesimama palepale mlangoni, mkono kwenye kitasa. Hakuufunga.